Historia ya Doa la Damu: Kutoka Buffalo Hadi Jinja na Mbale



Huenda umewahi kuingia katika wodi ya wazazi ukaona, juu ya meza ya nesi, karatasi ndogo nene zilizolazwa kama dagaa wanaoanikwa. Kila karatasi ina viduara vitano vilivyochorwa kwa vitone, na ndani ya kila kiduara mna doa la damu lenye ukubwa wa kifungo cha shati. Damu hiyo imetoka kisiginoni mwa mtoto mchanga. Ikishakauka, karatasi hutiwa katika bahasha, bahasha hutiwa katika mfuko wa plastiki, na mfuko hupakiwa juu ya pikipiki kuelekea mahali ambapo mama wa mtoto hajawahi kufika.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, si tabibu. Nafundisha hapa Nkoma, mjini Mbale, na kazi yangu ya kila siku ni ngeli, insha na ushairi. Lakini dada yangu, aliyeolewa upande wa Jinja, aliwahi kuitwa arudi kituoni na mtoto wake wa wiki saba kwa sababu karatasi ya kwanza ya damu “haikusomeka”. Neno hilo lilinikaa kichwani. Mwalimu akiambiwa kwamba maandishi hayasomeki, hutaka kumjua aliyeandika vibaya. Nilipoulizauliza nikaelezwa kuwa hakuna aliyeandika vibaya. Karatasi ilifungwa kabla haijakauka, ikakaa siku nyingi katika kabati lenye unyevu, na kilichoandikwa humo kikafutika chenyewe.

Leo nakualika tuisome historia ya karatasi hiyo. Nakuandikia katika ukurasa huu wa elimu ya uraia, wala si wa sayansi, kwa sababu ninayo hoja moja: serikali inapochukua damu ya mtoto ili imjue, ujuzi wake hautegemei mashine peke yake. Unategemea namna doa lile lilivyotunzwa tangu kisiginoni hadi maabara, na utunzaji ni jambo ambalo raia anaweza kuliona kwa macho yake na kuliuliza.

Historia yenyewe inaanzia mbali nasi. Mwaka 1934 nchini Norway, mama mmoja aitwaye Borgny Egeland alikuwa na watoto wawili waliozaliwa wakiwa wazima, kisha akili zao zikadumaa. Alizunguka kwa madaktari bila kuchoka, akiwaeleza kuwa mkojo wa watoto wake una harufu ya ajabu. Aliyemsikiliza ni daktari Asbjørn Følling. Alipoupima mkojo huo aligundua kemikali ambayo haikustahili kuwamo, na kwa njia hiyo akautambua ugonjwa tunaouita leo fenilketonuria. Mtoto mwenye ugonjwa huo hukosa uwezo wa kuvunjavunja asidi amino moja iliyomo katika protini, iitwayo fenilalanini. Asidi hiyo hurundikana katika damu na kuudhuru ubongo. Mtoto akitambuliwa mapema na kupewa chakula maalumu, hukua kama wenzake. Akichelewa kutambuliwa, madhara hayarudishiki nyuma.

Kemikali kama fenilalanini, zile ndogondogo ambazo mwili huzitengeneza, huzitumia au huzivunja kila unapokula na kupumua, wataalamu huziita metaboliti. Likariri neno hilo, tutalihitaji.

Tatizo lililobaki lilikuwa hili: utawapimaje watoto wote wa nchi nzima katika siku zao za kwanza, ilhali maabara zipo mijini tu? Aliyelijibu ni Robert Guthrie, mtafiti wa mji wa Buffalo nchini Marekani, ambaye mwanawe alikuwa na ulemavu wa akili na ambaye mpwa wake alikuwa na ugonjwa huohuo wa fenilketonuria. Pamoja na mwenzake Ada Susi, mwaka 1963 alichapisha njia yake. Damu kidogo ya kisiginoni hudondoshwa juu ya karatasi ya chujio na kuachwa ikauke. Maabara hukata kiduara kidogo katika doa hilo na kukiweka juu ya ute wenye bakteria. Ute huo una dawa inayowazuia bakteria wasikue, isipokuwa wakipata fenilalanini nyingi. Wakistawi kukizunguka kiduara, mtoto ana ugonjwa.

Bakteria hao walikuwa werevu kiasi chao, lakini kwa maoni yangu werevu mkubwa ulikuwa katika karatasi. Damu ya majimaji huganda, huoza, huhitaji chupa, barafu na gari. Damu kavu ilitumwa kwa posta, ndani ya bahasha, kama barua ya shangazi. Kwa mara ya kwanza mtoto wa kijijini na mtoto wa mjini waliweza kupimwa katika maabara moja, na shauri hilo likaenea katika nchi nyingi. Katika miaka ya 1990 ikaingia mashine iitwayo spektrometa ya masi, inayoweza kupima metaboliti kadhaa wa kadhaa katika kiduara kimoja kwa dakika chache. Doa lililokuwa likijibu swali moja likaanza kujibu maswali mengi.

Hapo ndipo udhaifu wa doa ulipojitokeza, na hapa nitakaa kidogo.

Tukiona doa limekauka hudhani kuwa mambo yote ndani yake yamesimama. Hayajasimama. Yamepunguza mwendo tu. Unajua jembe likiachwa nje msimu wa mvua hushika kutu. Chuma chake hukutana na hewa na maji, kikabadilika. Damu nayo ina madini ya chuma, ndani ya himoglobini, ile protini inayoipa damu wekundu na kubeba hewa ya oksijeni. Doa likikaa, chuma hicho nacho hubadilika, na ndiyo maana damu nyekundu huwa ya hudhurungi kadiri siku zinavyopita. Mabadiliko unayoyaona kwa jicho ni dalili ya mengine usiyoyaona. Ndani ya doa, asidi amino iitwayo methionini nayo hushambuliwa na oksijeni na kupungua. Vimeng'enya, ambavyo ni protini zinazofanya kazi ya kuharakisha mabadiliko ya kemikali mwilini, hupoteza nguvu katika joto na unyevu, hata mtoto mwenye kimeng'enya cha kutosha akaonekana kana kwamba hana.

Mfano ulionivutia kuliko yote ni wa kanitini. Kanitini ni mchukuzi. Hubeba mafuta mgongoni na kuyaingiza katika sehemu ya seli ambamo huchomwa yatoe nguvu. Katika damu kuna kanitini walio huru, wasio na mzigo, na kuna waliobeba, ambao huitwa asilikanitini. Daktari huwahesabu wote wawili. Akiwaona waliobeba mzigo wa aina fulani wamezidi, hujua kwamba mafuta ya aina hiyo yamekwama mlangoni na mtoto yuko hatarini. Akiona walio huru ni wachache mno, hujua kwamba mtoto hana wachukuzi wa kutosha. Sasa doa likitunzwa muda mrefu bila ubaridi, mizigo huanguka migongoni yenyewe, kwa kuwa maji yaliyo hewani huikata ile kamba ya kemikali. Waliobeba hupungua na walio huru huongezeka. Umeona hatari yake? Doa la zamani haliwi tupu. Linatoa hesabu kamili, yenye namba nzuri, na hesabu hiyo ni ya uongo. Mtoto mgonjwa anaweza kuandikwa kuwa mzima. Ndiyo maana watafiti wanaorudi kwenye madoa ya miaka iliyopita hulazimika kuyalinganisha na madoa mengine yenye umri uleule, yaliyokaa mahali palepale.

Adui mkubwa ni yupi kati ya joto na unyevu? Nilidhani ni joto. Wataalamu wa kituo cha udhibiti wa magonjwa huko Atlanta, Marekani, waliliuliza swali hilo na kuchapisha jibu mwaka 2011. Waliyaweka madoa katika joto la nyuzi 37 kwa muda wa mwezi hivi, mengine katika hewa kavu na mengine katika hewa yenye unyevu. Kwa metaboliti na vimeng'enya vingi, unyevu ndio uliofanya uharibifu mkubwa. Nyuzi 37 ni joto la mwili wako mwenyewe, na kabati la bati mchana wa Februari haliko mbali nalo. Basi hatuwezi kulizima jua la Uganda, lakini tunaweza kukausha hewa ndani ya mfuko, kwa kuweka humo vile vipakiti vyenye chembechembe zinazofyonza maji, kama vile unavyovikuta ndani ya sanduku la viatu vipya. Pamoja navyo huwekwa kikadi kidogo cha buluu ambacho hugeuka kuwa cha waridi unyevu ukiingia. Kifaa kizima hakizidi ukubwa wa kitambulisho cha shule.

Hata jokofu haliokoi kitu kama mfuko haukufungwa sawasawa. Kitu kilichotoka katika ubaridi hutoa jasho, kama soda ikitolewa dukani. Ukiufungua mfuko kabla haujapoa kufikia joto la chumba, umande hutua juu ya damu. (Wanafunzi wangu hukataa kwamba kitu cha baridi kinaweza “kupoa” kuelekea joto. Wana haki. Lugha yetu inahitaji kitenzi kingine hapo, na nawaachia kazi ya kukitafuta.)

Tuje nyumbani. Uganda haikuanza na fenilketonuria, kwa sababu tatizo letu kubwa lilikuwa jingine. Waganda huliita nnalubiri. Wenzetu wa Tanzania huliita selimundu, neno lililoungwa kutokana na seli na mundu, kwa vile chembe nyekundu za damu hujikunja zikafanana na mundu wa kuvunia mtama. Mtoto akirithi chembe ya urithi ya ugonjwa huu kwa mzazi mmoja tu, huwa mbebaji na kwa kawaida huishi bila kuumwa. Akiirithi kwa wazazi wote wawili, huwa mgonjwa.

Mwaka 1949, Hermann Lehmann na Alan Raper walichapisha matokeo ya upimaji wao wa makabila mbalimbali ya Uganda. Waliona tofauti kubwa mno. Kwa Waamba wa Bwamba, chini ya milima ya Rwenzori, wenye hali hiyo walifika asilimia 45. Miaka mitano baadaye Anthony Allison, aliyelelewa Kenya na kufanya utafiti wake Uganda, alionyesha kuwa wabebaji wana kinga fulani dhidi ya malaria, na hivyo akaeleza kwa nini chembe hiyo haikutoweka. Kipimo cha wakati huo kilihitaji damu mbichi iliyotazamwa kwa hadubini, chembe zikiwa bado nzima. Mpimaji alimfuata mtu. Kwa hiyo ramani ya Uganda ilibaki na mapengo kwa zaidi ya miaka sitini.

Pengo hilo lilizibwa kwa njia ambayo hakuna aliyeipanga tangu mwanzo. Janga la VVU liliilazimisha nchi kuwapima watoto waliozaliwa na mama wenye virusi, na kipimo cha kawaida cha kingamwili hakifai kwa mtoto mchanga, maana kingamwili za mama bado zimo mwilini mwake. Ilibidi kutafuta virusi vyenyewe, na hilo liliwezekana kwa doa la damu kavu. Mwaka 2011 upimaji huo ulikusanywa katika maabara kuu ya taifa ya afya ya umma jijini Kampala. Ukajengwa mtandao wa vituo vya kukusanyia sampuli, kila kimoja na mpanda pikipiki wake anayezungukia zahanati na vituo vya afya kwa ratiba ya wiki. Nadhani wapanda pikipiki hao wanastahili kutajwa katika vitabu vya historia kabla ya mawaziri kadhaa.

Basi Kampala ikawa na madoa makavu kutoka kila wilaya ya nchi, yaliyokwisha kutumika kwa kipimo cha VVU lakini bado yana damu. Kundi la watafiti, miongoni mwao Grace Ndeezi, Charles Kiyaga, Jane Ruth Aceng na Russell Ware, likaona kwamba madoa hayohayo yanaweza kuulizwa swali la selimundu. Kati ya Februari 2014 na Machi 2015 yalipimwa madoa 99,243. Yaliyotoa jibu yalikuwa 97,631. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016: wabebaji walikuwa asilimia 13.3, na wagonjwa asilimia 0.7, yaani watoto 716. Hakuna wilaya iliyokosa wabebaji. Kusini-magharibi walikuwa asilimia 4.6 tu. Eneo la mashariki ya kati, ambamo imo Jinja na Busoga kwa jumla, liliongoza nchi nzima: wabebaji asilimia 19.8, na wagonjwa asilimia 1.5. Hesabu hiyo maana yake ni kwamba darasani kwangu, kama lingekuwa la watoto wa eneo hilo, mmoja katika kila watano angekuwa mbebaji.

Lakini kuna sentensi moja katika matokeo hayo ambayo kila nikiisoma hunibidi niache kalamu. Wagonjwa walikuwa wachache zaidi miongoni mwa watoto waliopita miezi kumi na miwili kuliko miongoni mwa wadogo zao. Chembe ya urithi haipungui mtoto akikua. Kinachopungua ni watoto. Karatasi zilionyesha, bila mtu kuandika cheti chochote cha kifo, kwamba wengine walikuwa wamekwisha kuondoka kabla ya kupimwa.

Na wengi wao hawakulazimika kuondoka. Mwaka 1986 ilithibitishwa huko Marekani kwamba penisilini ya kila siku huwakinga watoto wadogo wenye selimundu dhidi ya maambukizi makali, hata utafiti ukasimamishwa mapema ili wote wapewe. Hapa kwetu Mbale, taasisi ya utafiti wa tiba iliyo jirani na hospitali ya rufaa ilikuwa mojawapo ya vituo vinne barani Afrika vilivyojaribu dawa ya haidroksiyurea kwa watoto. Vingine vilikuwa Kilifi, Kinshasa na Luanda. Matokeo ya watoto 606 yalichapishwa mwaka 2019: maumivu yalipungua, malaria ikapungua, vifo vikapungua. Dawa zipo basi. Sharti lake ni kwamba mtoto ajulikane mapema, kwani maumivu huanza baada ya miezi sita hivi, pale himoglobini ya utotoni inapopungua na kuachia nafasi ile yenye kasoro.

Sasa tuunganishe. Himoglobini si metaboliti. Ni protini kubwa, nayo huvumilia kuliko kanitini. Lakini haivumilii milele. Maabara huitenganisha kwa umeme juu ya ute, na kila aina hujipanga katika mstari wake: F ya mtoto mchanga, A ya kawaida, S ya selimundu. Doa likizeeka katika unyevu, mistari hufifia na mingine isiyokuwapo hujitokeza, kwa sababu ya ile kutu niliyoitaja. Kwa mtoto wa siku chache, mstari wa F ndio mnene, na A na S ni nyembamba kama nywele. Kumtofautisha mbebaji na mgonjwa kunategemea kuuona au kutouona mstari mmoja mwembamba wa A. Ukififia, mbebaji anaweza kuandikwa mgonjwa. S ikififia, mgonjwa anaweza kuandikwa mzima na kupelekwa nyumbani. Maabara yenye uangalifu haitabahatisha. Itasema doa halisomeki na kumwita mtoto tena. Dada yangu alikasirika alipoitwa. Mimi, baada ya kuyajua haya, nilimshukuru aliyekataa kubahatisha, ingawa hasira yangu ilihamia kwa yule aliyeufunga mfuko ukiwa na maji.

Neno letu hifadhi lina pande mbili. Mtoto wa madrasa anayehifadhi sura huiweka moyoni isipotee. Askari wa mbuga ya hifadhi huwalinda wanyama wasidhuriwe. Hadi hapa nimesema juu ya upande wa kwanza. Upande wa pili ni wa sheria, nao hauhusu unyevu.

Nchi zenye ubaridi na fedha huyatunza madoa miaka mingi. Denmark ina ghala la madoa ya watoto wake tangu 1982, katika ubaridi wa nyuzi 20 chini ya sifuri. Sweden nayo inalo tangu 1975. Mwaka 2003 waziri wa mambo ya nje wa Sweden, Anna Lindh, alipouawa dukani, polisi walilifikia ghala hilo na kupata doa la mshukiwa, lililochukuliwa alipokuwa kichanga. Muuaji alipatikana, lakini raia wengi wakajiuliza kama mama zao walipokubali kisigino kichomwe walikuwa wamekubali na hilo. Katika jimbo la Texas wazazi walienda mahakamani mwaka 2009 kwa sababu madoa ya watoto wao yalitunzwa na kutumiwa katika utafiti bila idhini yao. Jimbo likakubali kuharibu zaidi ya karatasi milioni tano. Nilipousoma mkasa huo nilifurahia ushindi wa wazazi, kisha nikasikitika, maana najua ghala la namna hiyo lilitufundisha nini sisi. Mambo yote mawili ni kweli na sioni haja ya kuyalazimisha yapatane.

Kwetu, damu iliyopimwa selimundu mwaka 2014 ilichukuliwa kwa ajili ya VVU. Faida yake imekuwa kubwa, kwani wilaya zenye mzigo mzito zilijulikana na upimaji wa watoto wachanga ukaelekezwa huko. Hata hivyo, mwanafunzi wa uraia anapaswa kuzijua sheria zinazomhusu. Ibara ya 27 ya Katiba ya mwaka 1995 inalinda faragha ya mtu. Ibara ya 41 inampa raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa dola, na Bunge likaitungia sheria yake mwaka 2005. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa za kulindwa kwa namna ya pekee. Kwa lugha nyepesi: mama anaweza kuuliza damu ya mwanawe inapimwa nini, majibu yako wapi, na karatasi itabaki kwa nani. Haombi hisani.

Nimebakiza kisa cha dada yangu. Siku ya karatasi ya pili nilimsindikiza. Kisigino kilichomwa, tone la kwanza likapanguswa, yaliyofuata yakajaza viduara vitano bila kugusana. Nesi akailaza karatasi mahali pakavu, mbali na jua. “Mama, sasa unaweza kwenda,” akamwambia.

“Hapana, musawo,” dada akajibu kwa adabu. “Nitakaa mpaka ikauke.”

Tulikaa kwenye benchi muda wa saa nne, si hadi saa nne. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wazingatie tofauti hiyo. Nesi hakuchukia. Damu ilipokuwa imeiva rangi ya hudhurungi nzito, aliitia katika bahasha, akaweka vipakiti viwili, akafunga mfuko na kumwonyesha dada kile kikadi. Kilikuwa cha buluu.

Majibu yalirudi kabla mwezi haujaisha: AS, mbebaji, kama baba yake. Dada akayapokea, akayakunja, akayatia ndani ya kitabu cha chanjo. Kisha akauliza ile karatasi ya kwanza iko wapi. Nesi akamweleza kuwa ilikwisha kuchomwa pamoja na taka za kituo.

“Mngeniambia kwanza,” dada akasema. Nesi akakubali kwamba ni kweli, wangemwambia.